Mkataba wa Ada Iliyolipwa Mapema Ukienda Chuo Binafsi au Jimbo Jingine: Mwongozo Kamili

Familia nyingi za Marekani, zikiwemo za Waswahili walioko Florida, Texas, Washington na Pennsylvania, hununua mkataba wa jimbo wa kulipia ada ya chuo mapema mtoto akiwa bado mdogo. Miaka inapita, mtoto anamaliza sekondari, na barua ya kukubaliwa inatoka chuo binafsi cha Boston au chuo cha umma cha jimbo lisilohusika kabisa na mkataba ule. Hapo ndipo mzazi huuliza: fedha zetu zimepotea?

Hazijapotea, lakini kuna kitu kimebadilika. Ndani ya vyuo vya umma vya jimbo lililokuuzia, mkataba ni ahadi ya masomo. Umenunua saa 120 za masomo (kipimo ambacho vyuo vya Marekani hutumia kuhesabu kozi), utasoma saa 120, ada ikipanda ni juu ya jimbo. Ukitoka nje ya vyuo hivyo, ahadi inageuka kuwa kiasi cha fedha, na kiasi hicho hupigwa kwa kanuni iliyoandikwa kwenye mkataba wako. Kila jimbo lina yake. Ukiijua kanuni hiyo kabla mtoto hajachagua chuo, umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza: tafuta kanuni ya malipo kwenye mkataba wenyewe

Brosha karibu zote husema unaweza kutumia mpango wako popote nchini. Ni kweli, ila brosha haisemi utalipiwa kiasi gani. Fungua akaunti yako mtandaoni, pakua mkataba na waraka wa maelezo ya mpango, kisha tafuta sehemu inayohusu vyuo binafsi na vyuo vya nje ya jimbo. Utakutana na mojawapo ya kanuni hizi.

Ya kwanza ni bei ya nyumbani. Florida Prepaid hulipa chuo cha nje kiasi kile ambacho mpango wako ungelipa kwenye chuo cha umma cha Florida. Nevada nayo hulipa kwa kila saa ya masomo kwa kufuata bei ya mkazi wake. Maryland hutumia wastani wa ada ya vyuo vyake vya umma, uliopimwa kwa wingi wa wanafunzi.

Sasa tia tarakimu uone. University of Florida humtoza mkazi takriban dola 6,380 kwa mwaka wa saa 30, yaani dola 212 na ushee kwa saa. Hiyo ni miongoni mwa ada za chini kabisa nchini, na ndiyo inayokuumiza ukitoka nje. Chuo binafsi kikitoza dola 58,000 kwa mwaka, malipo ya karibu dola 6,400 yanafunika asilimia 11 tu. Chuo cha umma cha jimbo jingine kikimtoza mgeni dola 40,000, yanafunika asilimia 16. Mkataba haujakudhulumu, umelipa kile ulichonunua. Lakini mzazi aliyekuwa akisema “ada ya mtoto imekwisha” anapaswa kuanza hesabu upya.

Ya pili ni thamani moja popote. Mpango wa GET wa jimbo la Washington huuza yuniti. Yuniti 100 ni sawa na ada na michango ya lazima ya mwaka mmoja kwa mkazi kwenye chuo cha umma cha jimbo kilicho ghali kuliko vyote. Thamani ya yuniti ni ileile mtoto akisoma Seattle, Chicago au chuo binafsi cha kanisa. Pennsylvania ina utaratibu wa karibu na huo: unachagua ngazi ya ada unayowekea akiba, kuanzia chuo cha jamii hadi wastani wa vyuo binafsi na hata kundi la vyuo binafsi mashuhuri la Ivy League. Ngazi uliyochagua ndiyo kipimo cha ukuaji wa fedha zako, uende chuo chochote.

Ya tatu ni kidogo kati ya viwili, na hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Texas Tuition Promise Fund huuza yuniti za aina tatu: Aina I kwa chuo cha umma cha miaka minne kilicho ghali zaidi Texas, Aina II kwa wastani wa vyuo vya miaka minne, na Aina III kwa vyuo vya miaka miwili. Yuniti 100 ni mwaka mmoja wa saa 30. Ukienda chuo binafsi au nje ya Texas, unapewa kile kiitwacho thamani ya uhamisho, ambayo ni kiasi kilicho kidogo kati ya hivi: gharama ambazo yuniti zingefunika kwenye chuo cha umma cha Texas, au bei uliyolipia yuniti ukijumlisha faida au ukitoa hasara halisi ya uwekezaji wa mfuko.

Chukua mfano. Tuseme yuniti zako ziligharimu dola 11,000. Uwekezaji umezifikisha dola 13,800, na gharama ya mwaka kwenye chuo cha umma ni dola 12,500. Utalipwa 12,500. Soko likianguka na yuniti zikawa na thamani ya dola 10,200, utalipwa 10,200 hata kama ada ya Texas imepanda hadi 15,000. Kwa hiyo nje ya vyuo vya umma vya Texas, ile kinga dhidi ya kupanda kwa ada huna tena, na hatari ya soko unayo. Ukipiga simu, omba tarakimu zote mbili, usikubali kupewa moja.

Kuna mkataba wa aina nyingine kabisa ambao watu huuchanganya na hii. Private College 529 Plan (529 ni kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kinachohusu akiba ya chuo, ikiwemo mikataba hii yote) hauendeshwi na jimbo. Ni wa muungano wa vyuo binafsi vinavyokaribia 300, na cheti chake hununua ada ya baadaye kwa bei ya leo kwenye chuo chochote mwanachama. Sharti ni kukaa na cheti angalau miezi 36 na kukitumia ndani ya miaka 30. Mtoto akienda chuo kisicho mwanachama, unarudishiwa ulicholipa pamoja na faida au hasara ya mfuko, lakini mabadiliko hayo hayazidi asilimia 2 kwa mwaka, juu wala chini. Kama mtoto bado ana miaka sita na mnajua mnataka chuo binafsi, huu ndio wa kuangalia kabla ya mkataba wa jimbo.

Mkiwa bado na mkataba wazi mezani, angalieni nani anaudhamini. Florida na Washington zimeweka dhamana ya jimbo nyuma ya mipango yao. Texas Tuition Promise Fund haina dhamana hiyo, ingawa mpango wa zamani wa Texas uliotangulia unayo. Wazazi wa Alabama walijifunza tofauti hiyo kwa uchungu: mpango wao wa PACT ulipopungukiwa, malipo yaligandishwa kwenye ada ya mwaka 2010.

Hatua ya pili: hakikisha chuo kinakubalika

Chuo kinachokubalika ni kile kinachoshiriki misaada ya wanafunzi ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Njia ya haraka ni kutafuta msimbo wake wa tarakimu na herufi sita kwenye tovuti ya FAFSA, fomu ya serikali ya shirikisho ya kuomba msaada wa masomo. Chuo kikiwa na msimbo, fedha zinaweza kwenda bila kodi. Kisipokuwa nao, malipo yatahesabiwa kuwa si ya masomo.

Hili lina uzito kwa familia zinazofikiria kumrudisha mtoto Afrika Mashariki kusoma. Vipo vyuo vya nje ya Marekani vyenye msimbo, kama University of Toronto na Oxford, lakini usidhani chuo unachokipenda Nairobi au Dar es Salaam kimo kwa sababu tu kinajulikana. Tafuta jina lake kwenye orodha, kisha uulize mpango wako kama nao unalipa vyuo vya nje ya nchi. Ni maswali mawili, na la kwanza kujibiwa ndiyo hakumalizi la pili.

Hatua ya tatu: kagua tarehe na deni

Mipango mingi ina muda wa chini wa kukaa kabla ya kutumia. Texas inataka yuniti zikae miaka mitatu. GET inataka miaka miwili, hivyo yuniti ulizoongeza mtoto akiwa kidato cha mwisho hazitasaidia muhula wa kwanza. Kuna ukomo pia: Florida na Texas hutoa miaka 10 tangu mtoto alipotarajiwa kumaliza sekondari, na muda wa utumishi jeshini huweza kuongezwa juu yake. Mtoto anayepumzika mwaka mmoja kabla ya chuo hana tatizo. Anayesoma kidogo kidogo huku akifanya kazi aiandike tarehe hiyo mahali.

Kagua pia kama mkataba umelipwa wote. Familia zilizochukua malipo ya kila mwezi hukuta miezi kadhaa iliyorukwa baada ya kubadilisha benki, pamoja na ada za kuchelewa. Mpango haulipi chuo wakati salio lako ni hasi.

Hatua ya nne: linganisha njia zilizopo kabla ya kujaza fomu yoyote

Kumlipia mtoto huyu sasa ni njia mojawapo tu. Unaweza kumhamishia ndugu yake, au hata binamu yake wa kwanza, kwa kuwa sheria ya shirikisho inaruhusu kubadilisha mnufaika ndani ya familia bila kodi. Kama mdogo wake anaelekea chuo cha umma cha jimbo, mara nyingi hapo ndipo mkataba unalipa thamani yake yote. Huyu wa chuo binafsi asaidiwe kwa akiba nyingine au kwa ufadhili wa chuo chenyewe. Ni uamuzi mgumu nyumbani, najua, kwa sababu mkataba ulinunuliwa kwa jina la mtoto na yeye analijua hilo. Lakini hesabu ifanywe kwanza, mazungumzo ya familia yafuate.

Unaweza pia kuhamishia thamani kwenye akaunti ya kawaida ya akiba ya 529. Kwa mnufaika yuleyule, uhamisho huo unaruhusiwa mara moja kila miezi 12, na fedha ziingie akaunti mpya ndani ya siku 60. Kabla hujafanya hivyo, uliza mpango unatumia thamani gani kwa uhamisho. Mara nyingi ni ile ya kurejeshewa, yaani kiasi unachorudishiwa ukivunja mkataba, ambayo ni ndogo kuliko ile inayolipwa chuo moja kwa moja. Ikiwa jimbo lako lilikupa punguzo la kodi ya mapato ulipokuwa ukichangia, huenda likadai punguzo hilo lirudishwe. Wa Florida, Texas, Washington na Nevada hawana hofu hiyo, majimbo yao hayatozi kodi ya mishahara.

Kuvunja mkataba na kuchukua taslimu kuwe cha mwisho kabisa. Faida hutozwa kodi ya mapato na juu yake asilimia 10. Tuseme umerudishiwa dola 6,400, ambazo 4,000 ni mchango wako na 2,400 ni faida. Kwa anayelipa kodi ya asilimia 12, hiyo ni dola 288 ya kodi na 240 ya adhabu, jumla 528, na hapo bado hujahesabu kwamba thamani ya kurejeshewa yenyewe huwa imepunguzwa.

Kama chuo unachofikiria kiko Magharibi, jambo moja linaweza kubadilisha hesabu yote. Kuna makubaliano ya majimbo ya Magharibi yaitwayo WUE (Western Undergraduate Exchange), ambapo vyuo vinavyoshiriki humtoza mwanafunzi wa jimbo mwanachama si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Washington na Nevada ni wanachama. Mwenye yuniti za GET akipata nafasi ya WUE huko Idaho au Montana, yuniti zake zinaweza kufunika ada yote na kubaki. Nafasi hizo hazitolewi kwa kila kozi wala kwa kila mwombaji, na baadhi ya vyuo huweka tarehe ya mapema kuliko ya kawaida, hivyo uliza wakati wa kuomba, usingoje kukubaliwa. Kusini kuna makubaliano ya Academic Common Market, lakini Florida na Texas hushiriki kwa shahada za juu tu, kwa hiyo hayamsaidii anayeanza shahada ya kwanza kutoka huko.

Hatua ya tano: misaada ya chuo

Kwenye FAFSA, mkataba wa ada huandikwa kama mali, kwa thamani ya kurejeshewa siku unayojaza fomu. Usiandike thamani ya masomo unayoota. Ukimilikiwa na mzazi, hupunguza msaada kwa asilimia 5.64 ya thamani yake kwa kiwango cha juu. Mkataba wa dola 20,000 utapunguza kwa dola 1,128 hivi, si zaidi. Tangu mwaka wa masomo 2024–25, unaandika akaunti ya mtoto anayeomba tu, za ndugu zake hazihesabiwi, na fedha kutoka akaunti ya babu au bibi haziulizwi tena.

Vyuo binafsi vingi huomba pia fomu ya CSS Profile, ambayo huchimba zaidi. Huko huweza kuulizwa akaunti za watoto wote na hata zile za ndugu wengine. Jibu kwa usahihi na weka nakala.

Kuna kosa moja linalotokea ofisini na kugharimu familia maelfu. Hundi ya mpango inapofika chuoni, karani anaweza kuiingiza kama skolashipu ya nje. Mfumo wa chuo ukiona skolashipu mpya, hupunguza msaada uliokwishatolewa. Fedha zako mwenyewe zimegeuzwa zawadi na zimeondoa zawadi ya kweli. Andika barua pepe kwa ofisi ya fedha na ofisi ya misaada kwa pamoja, kabla ya malipo ya kwanza, ukisema kwamba fedha zitakazotoka mpango wa jimbo ni malipo ya familia kutoka akaunti ya 529 na zisiingizwe kama skolashipu. Malipo yakishaingia, fungua taarifa ya ada ya mtoto uone yameandikwa vipi.

Hatua ya sita: fomu na kalenda

Anza Juni, mara tu baada ya mtoto kuthibitisha chuo. Mfuatano wenyewe ni huu:

1. Ingia kwenye akaunti na usasishe anwani, simu na barua pepe ya mwenye akaunti na ya mtoto.
2. Jaza fomu ya chuo binafsi au cha nje ya jimbo. Hii ni fomu ya pekee. Kwenye vyuo vya umma vya jimbo malipo huenda kwa mfumo uliozoeleka, lakini chuo cha nje hakijui kwamba mpango wako upo mpaka uwaunganishe.
3. Weka namba ya mwanafunzi iliyotolewa na chuo, si namba ya hifadhi ya jamii peke yake.
4. Taja muhula wa kuanza na idadi ya saa au yuniti unazotaka zitumike kila muhula. Usiache nafasi hiyo wazi.
5. Pata jina na barua pepe ya mtu wa ofisi ya fedha ya chuo anayeshughulikia malipo ya watu wa tatu. Muulize kama watatuma ankara kwa mpango au wanasubiri hundi tu. Vyuo vingine hawatumi ankara, na kila upande hubaki ukimsubiri mwenzake.
6. Julai mwishoni, thibitisha kwa pande zote mbili kwamba fomu imepokelewa.

Majina ni chanzo cha kuchelewa ambacho familia zetu hukutana nacho kuliko wengine. Mkataba uliandikwa mtoto akiwa mchanga kwa majina mawili. Kadi ya hifadhi ya jamii ina matatu, pasipoti imeweka jina la babu kuwa la ukoo, na chuo kimechukua lile la kwenye cheti cha sekondari. Kompyuta inaona watu wawili. Linganisheni hati zote Juni, na palipo na tofauti mpelekee mpango cheti cha kuzaliwa au hati ya mahakama ya kubadili jina. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na Agosti ofisi zote huwa zimeelemewa.

Malipo ya vyuo vya nje huchelewa kuliko ya vyuo vya jimbo, kwa sababu mipango mingi hungoja usajili uthibitishwe. Chuo kwa upande wake huweza kuzuia usajili wa muhula ujao kwa deni la mpango. Omba barua ya mpango inayosema malipo yanakuja na kiasi chake, ipeleke ofisi ya fedha, na uombe wasitoze adhabu ya kuchelewa kwa sehemu hiyo. Sehemu iliyobaki ya ada, lipa kwa tarehe yao. Kuchelewa kwako huko hakutasamehewa.

Saa za masomo nazo zinataka jicho. Vyuo binafsi vingi hutoza bei moja kwa mwanafunzi anayesoma kwa muda wote, achukue saa 12 au 18. Mpango wa saa hulipa kwa saa zilizosajiliwa. Mtoto akichukua saa 16 kila muhula, mkataba wa saa 120 utakuwa umetoa 112 kwa mihula saba, na muhula wa nane utalipiwa saa 8 tu. Si hasara, jumla ni ileile, lakini bajeti ya mwaka wa mwisho itakuwa na pengo msilolitegemea.

Vyuo vinavyogawanya mwaka kwa robo ni hatari zaidi. Saa moja ya muhula ni sawa na saa moja na nusu ya robo, kwa hiyo shahada ya saa 120 huko ni saa 180. Mtoto anayechukua saa 15 za robo ametumia saa 10 za mkataba wake. Chuo kikiripoti 15 bila kubadilisha, na mpango ukapokea hivyo, saa 45 zitakatwa kila mwaka badala ya 30, na mkataba utakwisha kabla mwaka wa tatu haujafika mwisho. Baada ya robo ya kwanza, angalia salio. Palipo na kosa, tuma nakala ya usajili na uombe marekebisho hapohapo.

Hatua ya saba: kodi

Januari au Februari itakuja fomu 1099-Q. Kisanduku cha 1 kinaonyesha jumla iliyotolewa, cha 2 faida, na cha 3 mchango wako. Fedha zikienda chuoni au kwa mtoto, fomu hutoka kwa jina la mtoto. Zikilipwa kwa mwenye akaunti, kwa jina lake. Chuo nacho hutoa fomu 1098-T, inayoonyesha ada iliyolipwa. Zilizotumika zote kwa gharama zinazokubalika hazina kodi, lakini hifadhi ankara na risiti.

Malipo na gharama viangukie mwaka mmoja wa kalenda. Ada ya muhula wa Januari ukiilipa Desemba kwa kadi yako na mpango ukakurudishia Februari, umevuka mwaka, na IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, inaweza kuhesabu kwamba malipo ya Februari hayana gharama yake. Mtoto akiacha kozi na chuo kikarudisha fedha, zirudishe kwenye akaunti ya 529 ndani ya siku 60, la sivyo faida yake inatozwa kodi.

Kisha kuna punguzo la kodi la AOTC (American Opportunity Tax Credit), linalofika dola 2,500 kwa mwaka kwa miaka minne ya kwanza: asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata. Sharti ni kwamba hizo dola 4,000 zisiwe zimelipwa na mpango wala na skolashipu. Hulipata lote wanandoa wenye kipato cha hadi dola 160,000, au 80,000 kwa mtu mmoja, na hukoma kabisa kwenye 180,000 na 90,000. Kwenye chuo binafsi sharti hili kwa kawaida hutimia lenyewe. Ada ni 58,000, skolashipu 30,000, mpango 6,400, na bado zimebaki 21,600 za mfukoni au mkopo.

Angalia hata hivyo hali ya mtoto mwenye ufadhili mkubwa. Ada 58,000, skolashipu 54,000, zimebaki 4,000. Ukiacha mpango ulipe hizo 4,000, AOTC imekwenda. Ukizilipa mwenyewe, unarudishiwa 2,500. Fedha za mpango hapo zitumike kwa malazi na chakula kama mpango unaruhusu, au zihifadhiwe. Malazi na chakula hukubalika kwa mwanafunzi anayesoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida. Akiishi nje ya mabweni, kiwango ni kile chuo kinachokiweka kwenye makadirio yake ya gharama, si kodi ya nyumba yoyote mtakayopanga. Huyu mwenye skolashipu ana njia nyingine pia: kutoa fedha taslimu hadi kiasi cha skolashipu bila ile adhabu ya asilimia 10. Kodi ya kawaida kwenye faida inabaki.

Saa zilizobaki, na mtoto anayehama

Mtoto akihamia chuo kingine, fomu ya zamani haimfuati. Ijaze upya na ufute chuo cha kwanza, vinginevyo malipo yatakwenda kule alikotoka na kurudi kwake huchukua miezi.

Saa zisizotumika hubaki na nguvu zake zote kwenye vyuo vya umma vya jimbo, na hapo ndipo familia yenye mtoto nje inaweza kuokoa zaidi. Kijana anayesoma Atlanta akirudi Tampa likizo ya kiangazi anaweza kuchukua masomo mawili ya msingi kwenye chuo cha umma cha Florida, mkataba ukalipa, na chuo chake binafsi kikayapokea. Saa 6 ambazo Florida huzilipia kwa takriban dola 1,300 zinaweza kumfutia chuo binafsi ada ya maelfu, ikiwa zinamwezesha kumaliza muhula mmoja mapema. Kabla hajajisajili, apate idhini ya maandishi ya msajili wa chuo chake, ikitaja namba ya somo na alama ya chini inayokubalika, kwa sababu vyuo binafsi vingi huweka kikomo cha saa zinazoweza kuletwa kutoka nje.

Baada ya shahada, zilizobaki zinaweza kwenda kwa ndugu, kwa shahada ya pili kama mkataba unaruhusu, au, tangu mwaka 2024, kwenye akaunti ya kustaafu ya Roth IRA ya mnufaika. Hapo akaunti lazima iwe imefunguliwa kwa miaka 15, michango ya miaka 5 ya mwisho haihamishiki, na jumla ya maisha ni dola 35,000, ikitolewa kwa mafungu ya kiwango cha mwaka cha IRA. Ulizeni kwanza kama mpango wenu unaufanya uhamisho huo moja kwa moja. Usipoufanya, mtapitia akaunti ya akiba ya 529, na hapo thamani ya kurejeshewa inarudi kwenye hesabu.